Upasuaji wa retina kwa wenye kisukari: umbali hauishii kwenye nauli

"Kamera kwanza, kisu baadaye." Hoja hufupishwa hivyo kila yanapozungumzwa macho ya wagonjwa wa kisukari hapa kanda ya kati ya Tanzania, yaani Dodoma na Singida. Fedha kidogo iliyopo, wanasema, ipelekwe kwenye kliniki za kisukari za Kondoa, Mpwapwa, Manyoni na kwingineko, watu wapigwe picha za ndani ya jicho na wanaohitaji kuchomwa kwa leza wapate mapema. Wale wachache ambao retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imeshabanduka waendelee kupewa rufaa ya hospitali za Dar es Salaam au Moshi: Muhimbili, CCBRT au KCMC.

Hoja hii ina uzito. Mwaka 1976 utafiti mkubwa wa Marekani ulitoa matokeo ya kwanza yaliyoonyesha kwamba leza hupunguza kwa nusu au zaidi hatari ya kupoteza sehemu kubwa ya uoni kwa wenye ugonjwa mkali wa retina. Hakuna upasuaji wa retina unaoweza kujisifia tija kama hiyo kwa gharama ile. Mashine ya kuondoa ute wa jicho hudai paketi mpya ya vifaa kwa karibu kila mgonjwa, umeme usioyumba, fundi wa kuitengeneza, mtaalamu wa usingizi asiyebabaishwa na mgonjwa mwenye presha na figo zilizochoka, na daktari aliyesomea retina kwa miaka ya ziada baada ya ubingwa wa macho. Wagonjwa wakiwa haba, hata mkono wa daktari huyo hupoa. Na sote tunajua hospitali zilizowahi kupewa mashine ya bei mbaya ikaishia kufunikwa shuka kwa kukosa kifaa kimoja.

Hayo yote nayakubali. Ninachokataa ni kile kineno "waendelee kupewa rufaa", kana kwamba rufaa ni upasuaji uleule, ila mbele kidogo ya Morogoro.

Retina ya mwenye kisukari haibanduki kama ya mtu aliyepigwa ngumi ikachanika. Sukari huharibu mishipa midogo, retina hukosa hewa, nayo huotesha mishipa mipya dhaifu inayovuja damu na kuacha makovu. Makovu yakisinyaa huvuta retina kutoka ukutani. Daktari huingia kwa vitobo visivyofika milimita moja, huondoa ute, huchambua kovu kipande kwa kipande, kisha huchoma leza humohumo. Kovu likiwa limeshika sana, retina huweza kutoboka mikononi mwake. Hapo analazimika kujaza jicho kwa gesi au mafuta ya silikoni ili retina ibaki mahali pake mpaka ishike.

Hapa ndipo ramani inapoingia chumba cha upasuaji. Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Dodoma iko juu kwa zaidi ya mita 1,100, na Singida inakaribia mita 1,500. Mgandamizo wa hewa Dodoma ni pungufu kwa takribani asilimia 12 kuliko wa pwani. Gesi iliyofungiwa ndani ya jicho inapopandishwa hutaka kutanuka, lakini jicho si puto. Presha ya ndani hupanda, na ikipanda mno damu haifiki kwenye retina ileile iliyotoka kutibiwa. Morogoro iko mita 500 hivi tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya mpando inaanzia hapo kuja juu, na treni ya SGR inaumaliza upesi kuliko basi lolote. Kwa mwenye gesi jichoni, mwendo kasi huo hauna faida. Wa Moshi naye hana nafuu, maana akirudi kupitia Arusha na Babati atapanda juu kuliko alikotoka.

Basi mgonjwa abaki pwani mpaka gesi iishe? Aina moja huchukua wiki mbili hivi, nyingine wiki sita hadi nane. Chukua mkulima wa zabibu wa Mpunguzi, uoni hafifu, kaja na binti yake wa kumshika mkono. Watalala kwa nani wiki zote hizo? Mara nyingi jibu linakuwa mafuta, ambayo hayatanuki. Lakini mafuta hayaishi yenyewe. Kwa kawaida hutakiwa kutolewa baada ya miezi kadhaa, yaani upasuaji wa pili, safari ya pili na nauli za watu wawili tena. Asiporudi, mafuta yanaweza kuleta mtoto wa jicho, kupandisha presha ya jicho, hata kuharibu kioo cha mbele. Angekuwa anakaa kilomita 30 kutoka kwa daktari aliye kwenye mwinuko uleule, pengine swali hili lisingekuwepo kabisa. Umbali umembadilishia tiba, na hilo sijaliona kwenye hesabu ya wanaosema kisu kisubiri.

Sindano nayo ina hadithi kama hiyo. Dawa ya kunyausha mishipa mipya huchomwa jichoni siku chache kabla ya upasuaji ili damu isitoke sana. Ni msaada mkubwa, ila dawa hiyohiyo inaweza kukaza kovu na kuzidisha mvuto. Mgonjwa aliyechomwa hapa halafu akasubiri kitanda cha kule kwa wiki tatu anaweza kufika akiwa na jicho baya kuliko lililoandikwa kwenye karatasi ya rufaa.

Kuna pia kusubiri kwenyewe. Retina ikiwa imebanduka pembeni, kitovu cha uoni bado kimeshika, daktari ana haki ya kusema tusiguse. Utafiti wa zamani, wa miaka ya 1980, ulionyesha kuwa kwa macho ya aina hiyo ni kama 15 tu kati ya 100 ambayo kitovu kilifikiwa ndani ya mwaka. Wapinga kisu huipenda takwimu hii, na wako sahihi kuipenda. Lakini wale 85 walikuwa wakichunguzwa. Mtu wa Bahi anayeonwa na bingwa wa retina mara moja kwa mwaka, kama nauli ikipatikana, huyo hachunguzwi. Ameachwa tu.

Sababu nyingine ya upasuaji huu kudharauliwa kwetu ni historia. Huduma ya macho kanda hii, kuanzia Mvumi hadi Kongwa iliyojulikana duniani kwa tafiti za trakoma, ilijengwa juu ya magonjwa ya mbele ya jicho. Watu wamezoea mtoto wa jicho: leo unapasuliwa, kesho bandeji inatoka, unamtambua mjukuu. Retina haina sherehe hiyo. Aliyekuwa haoni mkono wake akaja kuona mlango, sahani na ng'ombe njiani, majirani watasema operesheni imefeli kwa sababu hasomi Biblia wala Kurani. Yeye lakini anakwenda chooni bila kushikwa, na binti yake amerudi shambani. Wengi hufika wakiwa wamebakiwa na jicho moja, ndiyo maana kidogo hicho kina thamani kubwa.

Nikilazimishwa kuchagua kimoja, bado kamera na leza zitatangulia, kwa sababu wanaookolewa ni wengi. Ila hazitamaliza kazi. Tukianza kupiga picha macho ya watu kwa wingi, mwaka wa kwanza tutawagundua wengi waliokwishachelewa, na rufaa zitaongezeka. Anayenunua kamera leo aanze leo pia kumsomesha daktari wa retina atakayekaa hapa mwaka mzima, maana ubingwa huo haununuliwi kwa zabuni. Kwa sasa, karatasi ya rufaa ya kutoka Dodoma au Singida iwe na mistari miwili zaidi: mgonjwa anarudi kwenye mwinuko wa mita ngapi, na ana pa kulala kule kwa siku ngapi.