Kliniki binafsi, fedha za umma: hasara inabaki kwa nani?

Nchini Uingereza, mjadala kuhusu NHS, huduma ya afya inayogharimiwa na kodi, hutawaliwa na hofu ya ubinafsishaji. Hofu hiyo imechelewa kidogo: tangu 1948 madaktari wengi wa huduma za msingi ni wakandarasi wanaojitegemea, na mgonjwa akienda kwao halipi kitu. La kuuliza ni serikali inanunua nini, na mambo yakiharibika nani anabeba mzigo.

Tazama upasuaji wa mtoto wa jicho. Huko England, zaidi ya nusu ya upasuaji huo unaolipiwa na NHS sasa hufanywa na watoa huduma binafsi. Faida yake haibishaniwi. Kliniki haipokei majeruhi, kwa hiyo ratiba ya asubuhi haivurugwi na dharura ya usiku, na foleni inakwenda. Tatizo ni kwamba malipo ni kwa kila jicho, kwa bei iliyopangwa, na jicho jepesi ndilo lenye faida. Mgonjwa anayehitaji nusu kaputi au kulazwa hubaki hospitali ya umma. Huko wastani wa gharama unapanda, na madaktari walio mafunzoni wanakosa kesi nyepesi za kuanzia. Bajeti na wauguzi wakielekezwa kwenye mtoto wa jicho, wagonjwa wa glaukoma (presha ya macho) wanasubiri, na uoni ulioharibiwa na glaukoma haurudi.

Hayo yanatibika kimkataba: bei ipande na ugumu wa kesi, kliniki ilazimishwe kufundisha, na idadi ya upasuaji unaolipiwa iwekewe ukomo.

Kukabidhi hospitali nzima ni jambo jingine. Februari 2012 kampuni ya Circle ilianza kuendesha Hinchingbrooke, hospitali iliyokuwa tayari na madeni (tuitendee haki kampuni), kwa mkataba wa miaka 10. Kifungu kimoja kiliiruhusu kujitoa iwapo fedha zake za kuziba nakisi zingezidi pauni milioni 5. Januari 2015 ikatangaza kuondoka. Wagonjwa wa dharura hawakuacha kuja, hivyo NHS ikairudisha hospitali mikononi mwake pamoja na nakisi yake.

Ndiyo maana naona kliniki ya macho inakubalika kuliko mkataba wa aina hiyo. Upasuaji unahesabika, uoni unapimika kabla na baada, na kliniki ikifunga milango wagonjwa wake wanaweza kupelekwa kwingine. Idara ya dharura haina kwingine.