Askari wa laki nne na kodi ya mwaka 2012

Chukua askari wa kampuni ya ulinzi hapa Kampala ambaye mkataba wake unasema laki nne kwa mwezi. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, inachukua asilimia 5, yaani 20,000. Kodi ya mshahara, PAYE, inachukua 23,000. Zinabaki 357,000, na kuanzia Julai hadi Oktoba zinapungua tena 5,000 kila mwezi kwa ajili ya kodi ya huduma za mtaa, LST. Akilipwa kwa simu, serikali inakata nusu ya asilimia anapotoa pesa, na kampuni ya simu nayo inakata yake.

Na NSSF sina ugomvi. Ni akiba yake, mwajiri anaongeza asilimia 10, na tangu sheria ilipobadilishwa 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja anapaswa kuchangia. Ugomvi wangu ni zile 23,000.

Hesabu yake inakwenda hivi: 235,000 za kwanza hazitozwi kitu. Laki moja inayofuata inatozwa asilimia 10, hizo ni 10,000. Kutoka 335,000 hadi 410,000 ni asilimia 20, kwa hiyo 65,000 zake za mwisho zinatoa 13,000. Kila shilingi inayopita 410,000 inatozwa asilimia 30. Viwango hivi viliwekwa Julai 2012, vikakaa zaidi ya miaka kumi bila kuguswa huku bei zikipanda. Oktoba 2022 mfumko ulifika asilimia 10.7. Hata tukishika lengo la Benki Kuu, asilimia 5 kwa mwaka, baada ya miaka kumi tu zile 235,000 za 2012 ni sawa na kama 383,000. Kodi ingeanzia hapo kwa asilimia 10, askari wetu angekatwa 1,700. Tofauti ya mwaka mzima ni 255,600, zaidi ya nusu ya anachopeleka nyumbani kwa mwezi. Kumwongezea mzigo huo hakukuhitaji sheria mpya. Ilitosha kuacha namba zilale.

Angalia tena ile asilimia 30. Akipandishwa mshahara mpaka 420,000, shilingi zake za mwisho zinatozwa sawasawa na za meneja wa milioni tisa. Asilimia 10 ya ziada inakuja tu juu ya milioni kumi. Polisi anayesimama naye kwenye mlango wa benki hakatwi PAYE, kwa sababu mishahara ya jeshi, polisi na magereza imesamehewa, na hilo silipingi. Lakini wabunge nao walijisamehe mwaka 2016: mshahara wao unakatwa, marupurupu yao hayakatwi. Hapo siwezi kunyamaza. Aliye na uwezo wa kuandika sheria amejitoa, na asiye na uwezo amebaki ndani.

Kima cha chini cha mshahara nacho ni kile cha 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha mwaka 2019, rais akakataa kutia saini. Kwa hiyo wa laki nne ana nafuu. Wahudumu wengi wa hoteli na wasaidizi wengi wa nyumbani hawaioni hata nusu yake.

Tunaambiwa uchumi unakua kwa kama asilimia 6. Sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9, wanaoongezeka kwa asilimia 2.9 kwa mwaka. Karibu nusu ya ukuaji huo inamezwa na idadi ya watu kabla hujauliza nani kapata nini.

Sasa twende muzigo, chumba kimoja cha kupanga, kwenye mitaa ya watu wa kipato kidogo kama Bwaise au Namuwongo, maana huko ndiko 357,000 zinakoyeyukia. Familia ya watu watano inatumia kama jerikani sita za maji kwa siku. Bei ya NWSC, shirika la maji la taifa, kwenye bomba la umma la tokeni imekuwa shilingi 25 kwa jerikani. Bomba hilo likiharibika, au mtandao wa maji ukikauka siku mbili, watu wanahamia kwa mwenye bomba lake, na hapo 200 ni bei ya kawaida. Jerikani sita kwa 25 ni 4,500 kwa mwezi. Kwa 200 ni 36,000, sehemu ya kumi ya mshahara wa mkononi. Jerikani hamsini ni mita moja ya ujazo, kwa hiyo analipa 10,000 kwa mita moja, bei ambayo wa Kololo, mtaa wa matajiri, mwenye bomba ndani haijui.

Umeme ni hadithi hiyo hiyo, tena hapa kosa ni la mpangilio. Yuniti 15 za kwanza za mwezi zinauzwa 250 kila moja ili kumlinda mtumiaji mdogo. Baada ya hapo bei inavuka 700. Lakini nafuu hiyo inahesabiwa kwa mita, haihesabiwi kwa kaya. Vyumba vinane vikiwa na Yaka moja, yaani mita moja ya kulipia kabla, kila chumba kinapata chini ya yuniti mbili za bei nafuu. Mwenye nyumba anafunga mita ndogo ndogo na kutoza, tuseme, 1,000 kwa yuniti. Mpangaji wa taa mbili, simu na televisheni ndogo anayetumia yuniti 15 analipa 15,000 kwa kitu ambacho kingekuwa 3,750 kabla ya VAT. Ruzuku ipo kwenye karatasi, na aliyekusudiwa haioni.

Halafu shule inafunguliwa. Mshahara unakuja kwa mwezi, karo inakuja mara tatu kwa mwaka na inatakiwa yote kwa pamoja, ikifuatana na karatasi, fagio na sukari. Hapo ndipo mkopeshaji anapoingia. Wizara ya Fedha iliweka kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi mwaka 2024. Kwa mkopo wa 250,000 hiyo ni 7,000. Mtaani unasikia asilimia 20, yaani 50,000, na kadi ya ATM ya mkopaji inabaki mikononi mwa mkopeshaji pamoja na namba ya siri. Ukiombwa kadi, ondoka.

Ninachotaka si kigumu. Mpaka wa PAYE upande wenyewe kila mwaka kufuatana na takwimu za bei za UBOS, idara ya takwimu ya taifa, bila kungoja huruma ya Bunge. Yuniti 15 zihesabiwe kwa vyumba vilivyosajiliwa nyuma ya mita. Na shule ziruhusiwe, hata zishurutishwe, kupokea karo kwa mwezi.

Wakati hayo yanasubiriwa, kagua hati yako ya mshahara. Anayebaki na kati ya laki tatu na laki nne anadaiwa LST ya 20,000 kwa mwaka, kwa awamu nne. Ikikatwa tena Novemba, peleka hati za miezi minne iliyopita kwa mhasibu na udai pesa yako. Ukihama kazi Septemba, beba risiti ya ulicholipa, la sivyo mwajiri mpya ataanza kukata upya.