Swali la Kalenga na Shahada ya Historia

Ndani ya jumba dogo la makumbusho la Kalenga, kilomita 15 hivi kutoka Iringa mjini kwa barabara iendayo Hifadhi ya Ruaha, limewekwa fuvu la Mtwa Mkwawa, yaani mtawala wa Wahehe, katika kisanduku cha kioo. Miaka michache iliyopita niliongozana na kundi la wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliokuwa wakisomea ualimu wa Historia. Walisimama kimya mbele ya kioo, simu mkononi, mpaka binti mmoja aliyekuwa nyuma alipouliza kwa sauti ya mtu anayechelea kuonekana mtovu wa adabu: "Samahani baba, walijuaje kuwa ni lake?" Wenzake waliguna. Mzee aliyekuwa akituongoza hakuchukia. Alimwomba asogee, akamwonyesha tundu.

Swali lile halikuwa la utovu wa adabu hata kidogo. Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898 ili asiingie mikononi mwa Wajerumani, waliokuwa wakimwinda tangu walipoiteka ngome yake ya Kalenga Oktoba 1894, nao wakaikata maiti kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliiagiza Ujerumani kulikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi 6, lakini halikupatikana. Miaka mingi baadaye gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alifika katika jumba la makumbusho la Bremen lililokuwa na mafuvu yapatayo 2,000, ambayo 84 kati ya hayo yalitoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Akatenga yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya jamaa wa Mkwawa walio hai, na miongoni mwa hayo akachagua moja lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 likarudi Kalenga. Anayeamini ana sababu zake, na mwenye shaka naye ana zake, kwa kuwa vipimo vya ukoo si alama za vidole, na risasi zilitoboa vichwa vingi katika vita vile. Kupima hoja za namna hiyo ndiyo kazi ya mwanahistoria, na kinachonisumbua ni kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kukaa chuoni miaka 3, akaondoka na GPA nzuri, bila kulazimika kuifanya hata mara moja.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mjadala kuhusu shahada ya Historia haufiki huko. Huishia kwenye ajira, na si bure. Kijana aliyesoma tahasusi ya HGL au HGK (Historia na Jiografia, pamoja na Kiingereza au Kiswahili) huko Mafinga, Makete au Rungwe ana milango michache, na ule uliokuwa mpana kuliko yote, yaani ualimu, umebana. Shule zinalia uhaba wa walimu wa Hisabati na Sayansi wakati wahitimu wa masomo ya sanaa wanakaa mtaani wakisubiri tangazo la Sekretarieti ya Ajira, na tangazo likitoka wanakwenda kwenye usaili pamoja na wenzao wa vyuo vya nchi nzima. Aliyesoma kwa mkopo anajua kwamba siku akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itarudi Bodi ya Mikopo kila mwezi mpaka deni liishe. Kwa hiyo mjomba anayeuliza wakati wa chakula, "Sasa Mkwawa alishakufa, wewe utakula nini?" si mjinga wala si adui wa elimu, anauliza swali la mtu aliyeuza magunia ya mahindi ili mtoto afike chuoni.

Majibu anayopewa mjomba huyo kwa kawaida ni dhaifu. Huambiwa kwamba asiyejua alikotoka hajui aendako, kana kwamba yeye, ambaye anaweza kutaja ukoo wake vizazi vitano bila kukohoa, ndiye asiyejua alikotoka. Jibu lenye nguvu zaidi ni kwamba mtu aliyezoezwa kusoma maelezo mawili yanayopingana, akaeleza ni lipi la kuaminiwa, kwa kiasi gani na kwa nini, anafaa kazi nyingi: kwenye halmashauri yenye mgogoro wa mipaka ya vijiji, kwenye chumba cha habari, kwenye ofisi inayoandika ripoti. Naliamini jibu hilo. Lakini linamhusu yule tu aliyezoezwa hivyo, na hapo ndipo watetezi wa shahada hii, nami nikiwa mmojawao, tunapotakiwa kusema kweli.

Ukiingia steshenari iliyo jirani na chuo chochote chenye walimu tarajali, utalikuta desa la Historia: kurasa 40 au 50 zilizorudufiwa mara nyingi hadi maandishi ya pembeni yamekatika, na ndani yake sababu sita za kugawanywa kwa Afrika, athari saba za biashara ya utumwa, udhaifu wa upinzani wa Waafrika kwa namba za Kirumi. Ni zile zile alizokariri mwanafunzi akiwa kidato cha tatu, ila sasa zimevishwa Kiingereza kirefu zaidi. Nililifungua moja, nikakuta vita vya Lugalo vimepewa mstari mmoja, na mstari wenyewe umekosea mwaka. Lugalo ipo barabarani, ukitokea Iringa kuelekea Dar es Salaam, na pale pale Wajerumani walijenga mnara wa kumkumbuka kamanda wao Emil von Zelewski na watu wake waliouawa na Wahehe Agosti 17, 1891. Mwandishi wa desa hilo huenda anapita hapo kwa basi kila likizo.

Wapo wenzangu wasiokubaliana nami, na hoja zao zina uzito kuliko zinavyopewa. Wanasema chuo kama Mkwawa, ambacho mwaka 2005 kilitoka kuwa sekondari na kuwa chuo kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilianzishwa kwa sababu nchi ilihitaji walimu wa sekondari kwa wingi. Mhitimu wake atasimama mbele ya darasa lenye wanafunzi 80, lenye vitabu vichache na mtihani wa NECTA, Baraza la Mitihani, mwisho wa safari. Kinachomfaa ni kuijua mada na kujua kuifundisha. Kumpeleka kuhoji wazee vijijini Isimani, wanasema, ni kumfundisha useremala mtu anayekwenda kuuza viti. Tena nani atasahihisha? Mhadhiri mmoja mwenye ukumbi wa mamia ya wanafunzi hawezi kusoma ripoti ya kila mmoja kwa makini, na ripoti isiyosomwa huzaa udanganyifu, kwa maana mwanafunzi atajitungia wazee wake akiwa chumbani Kihesa, hapo Iringa mjini. Fedha nazo hazipo: bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, linaisha kwenye kodi ya chumba na wali maharage kabla muhula haujafika katikati. Nyaraka za Taifa ziko Dar es Salaam, na mafaili ya enzi ya Mjerumani yameandikwa kwa Kijerumani, mengine kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wa leo hujifunza kuusoma.

Hoja ya idadi ndiyo inayonibana zaidi, kwa sababu mfano ambao sisi wa upande huu tunaupenda unaithibitisha. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza wakawahoji wazee waliokumbuka vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Vijana wale walirudi na masimulizi ambayo yasingeandikwa siku ile leo yangekuwa makaburini, na watafiti wanayatumia hadi sasa. Lakini chuo kile kilikuwa na wanafunzi wachache, na wahadhiri wake waliwafahamu kwa majina. Isitoshe, wanahistoria waliofuata waliikosoa kazi hiyo wakisema ilikwenda kutafuta chimbuko la taifa na, kwa kuwa ilikuwa ikilitafuta, ikaliona kila mahali. Wabena walioishambulia misheni ya Yakobi karibu na Njombe mwaka 1905 walikuwa na ugomvi wao wa pale pale, na si lazima walikuwa wakiipigania Tanganyika ambayo haikuwa imezaliwa.

Hata hivyo, ukosoaji huo uliwezekana kwa sababu wale wanafunzi waliacha kumbukumbu ya nani alisema nini na alisemea wapi. Mtu wa leo anaweza kuyarudia masimulizi yao na kuona swali lilipoegemea. Desa la steshenari haliwezi kukosolewa kwa namna hiyo. Halina shahidi, halina tarehe, halina aliyelisema. Anayelishika ana mambo mawili tu ya kufanya, kulikariri au kulitupa.

Nyanda hizi zinatoa somo lingine ambalo darasa peke yake halilitoi. Ukisomea Iringa, Mkwawa ni shujaa, na jina lake liko kwenye chuo, kwenye mtaa na kwenye kumbukumbu ya mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa, aliyekuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Vuka uende Mbarali, kwa Wasangu, nawe utakumbushwa kwamba Wahehe, tangu enzi za Munyigumba baba yake Mkwawa, walikuwa jirani mwenye mkuki mrefu, na kwamba akina Merere wa Usangu walisukumwa hadi Usafwa, upande wa Mbeya, na wakaona heri kushirikiana na Mjerumani. Katika kitabu cha sekondari Merere huyo hutajwa kwa neno moja, msaliti, naye Mkwawa huitwa mpinzani wa ukoloni. Mwanafunzi aliyesikia pande zote mbili hataweza tena kuyatumia maneno hayo kwa wepesi. Simaanishi kwamba mzee wa Kisangu wa Utengule anasema kweli na kitabu kinasema uongo. Wazee nao husoma vitabu, husikiliza redio, na mara nyingine hukurudishia kile ambacho watoto wao walikariri shuleni. Huo nao ni ujuzi, kutambua kwamba simulizi unalopewa limeshapita darasani kabla ya kukufikia.

Mtaala mpya umeuongezea mjadala huu kuni. Tangu utekelezaji wake ulipoanza 2024, kuna somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Wenye kutetea shahada ya Historia wamelipokea kwa furaha, na wana haki, maana somo la lazima linahitaji walimu. Mimi nalipokea kwa jicho moja wazi. Historia na maadili ni ndugu wasiolingana tabia: la pili lina jibu kabla ya swali, la kwanza halitakiwi kuwa nalo. Mwalimu aliyezoea kukariri atalifanya somo hilo kuwa orodha ya mashujaa na fadhila zao. Zaidi ya hayo, mwalimu huyo alisoma chuoni kwa Kiingereza, akaandika insha zake zote kwa Kiingereza, na sasa anatakiwa aeleze kwa Kiswahili mambo ambayo hajawahi kuyafikiria kwa Kiswahili. Aliyewahi kukaa na mzee na kuandika maneno yake yalivyotoka ana akiba ya lugha ambayo mwenzake hana.

Kwa hiyo sidai tasnifu kwa kila mwanafunzi. Ukumbi wa mamia hauzibebi, nami nisingependa kuzisahihisha. Ninachokiona kinawezekana ni zoezi moja katika mwaka wa pili, kurasa tatu tu, lifanywe na watu watano watano ili usahihishaji upungue: tukio moja la hapa hapa, maelezo mawili yasiyokubaliana, na maelezo ya kwa nini hayakubaliani. Linaweza kuwa fuvu la Kalenga, au mnara wa Lugalo. Linaweza kuwa Isimani, ambako Mkuu wa Mkoa Dk. Wilbert Kleruu aliuawa siku ya Krismasi ya 1971 katika mvutano wa mashamba na Ujamaa, jambo ambalo watu wazima wa huko hadi leo hawalisimulii kwa namna moja. Linaweza kuwa manamba, yaani wanaume wa Njombe na vijiji vya jirani waliosombwa kwenda kukata mkonge Tanga. Aliyekwenda akiwa na miaka 20 mwaka 1955 leo ana 90 au zaidi, na anayetaka kumhoji asingoje muhula ujao. Kuhusu nafasi ya zoezi hilo kwenye ratiba, ningepunguza sababu sita za kugawanywa kwa Afrika, ambazo mwanafunzi alikuja nazo tangu nyumbani.

Yule binti wa Kalenga alihitimu, na hadi ninapoandika anafundisha kwa kujitolea katika sekondari moja huko Wanging'ombe, akiwa bado anasubiri ajira. Mjomba wake, akiwa naye mmoja, ana kila sababu ya kuendelea kuuliza lile swali. Mwezi uliopita binti huyo alinipigia simu jioni. Mwanafunzi wake wa kidato cha pili alikuwa ameleta darasani kipande cha babu yake mzaa baba, kadi ya kazi ya enzi ya mkoloni, imekunjwa mara nne na kuchakaa kwenye mikunjo, na darasa zima lilitaka kujua zile alama za siku zilizowekwa ndani zilimaanisha alilipwa au hakulipwa. Nilimweleza ninachojua, na kwamba mafaili ya wakala wa kuajiri vibarua wa mkonge ni ya kutafutwa Dar es Salaam. Akaniuliza nauli kutoka Makambako siku hizi ni kiasi gani.