Bouguer, timazi na uzito usiojulikana

Wiki iliyopita pale Pasua, Moshi, nilikuwa nimemsimamia fundi anayenijengea ukuta. Alishusha timazi, akaishika kamba kwa vidole viwili, akangoja kile chuma kitulie ndipo aseme tofali lipi limetoka nje. Timazi kama hiyo ndiyo inayonifanya nimkumbuke Pierre Bouguer, Mfaransa aliyezaliwa Le Croisic mwaka 1698, mtoto wa mwalimu wa ubaharia.

Mwaka 1735 yeye na wenzake walisafiri kwenda kwenye milima ya Andes, nchi tunayoiita leo Ekuador, kupima umbo la dunia karibu na ikweta. Mwaka 1738, wakiwa ubavuni mwa Chimborazo, mlima unaoupita huu wetu wa Kilimanjaro kwa urefu, walichunguza kama mlima wenyewe unaivuta timazi pembeni. Katika miaka hiyohiyo ya milimani ndipo alipoandika sehemu kubwa ya kitabu chake cha meli, kilichotoka Paris mwaka 1746. Humo alieleza metasenta.

Chombo kikiinama, umbo la sehemu iliyozama hubadilika, na maji hukisukuma juu kupitia mahali pengine. Chora mstari wima kutoka hapo. Unapokutana na mstari wa katikati ya chombo ndipo ilipo metasenta. Kitovu cha uzito, yaani pale uzito wote wa chombo unapokuwa kama umekusanyika, kikiwa chini yake, chombo hujirudi. Kikiwa juu yake, chombo hulala. Kulipima hilo ni rahisi ajabu: hamisha uzito unaoujua kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, kisha soma timazi iliyoning'inizwa ndani ya meli imesogea kiasi gani. Meli hupimwa hivyo mpaka leo.

Wapo wanaoona Bouguer husifiwa kupita kiasi, na hoja yao ina nguvu. Manahodha wa majahazi walikuwa wakipanga farumi, uzito wa chini wa kukituliza chombo, karne nyingi kabla ya Bouguer. Tena metasenta hufaa kwa miinamo midogo tu. Mwaka 1870 meli ya kivita ya Uingereza, HMS Captain, ilipinduka katika upepo mkali na watu karibu 480 wakafa. Sitaha yake ilikuwa karibu mno na maji, hivyo ilipoinama sana nguvu ya kuirudisha iliisha mapema. Mwaka 1939 Mfini Jaakko Rahola alichambua ajali za meli zilizopinduka, akapendekeza kiasi cha nguvu hiyo kinachotakiwa chombo kikiinama nyuzi 20, 30 na kuendelea. Viwango vya kimataifa vya sasa vimetokana kwa sehemu kubwa na kazi yake.

Hata hivyo nasimama na Bouguer. Nahodha mzoefu huhisi miguuni kwamba chombo kinachelewa kuinuka, na hisia hiyo ni ya kweli, kwa sababu metasenta ikiwa karibu mno na kitovu cha uzito chombo huyumba polepole. Ila anapohisi hivyo, abiria wameshapanda na gati liko mbali.

Hoja inayoniuma ni ile nyingine: eti kwetu tatizo ni kujaza watu, sayansi haihusiki. Tulizika wa MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria, mwaka 1996. Septemba 2018 tukazika wa MV Nyerere, kivuko kilichotakiwa kubeba watu 101, na waliokufa walizidi 220. Kujaza watu ndiyo sayansi yenyewe! Sisi wa huku tunaijua kwa pikapu ya ndizi inayoshuka kutoka Marangu: mikungu ikipita kimo cha bodi na vijana wawili wakakaa juu yake, kila kona roho inaruka. Kila anayesimama sitaha ya juu hupandisha kitovu cha uzito. Na abiria wote wakisogea ubavu mmoja ili wawahi kushuka, wanafanya lile jaribio la Bouguer kwa miili yao.

Tofauti ni kwamba Bouguer alitaka uzito unaojulikana. Cheti cha meli kinaweza kuwa sahihi kabisa siku kilipoandikwa, kisha safari ya leo ikabeba mzigo ambao hakuna aliyeuhesabu: magunia, saruji, watoto wa mgongoni. Lori la mahindi husimamishwa mizani barabarani likapimwa ekseli kwa ekseli. Kivuko kinachobeba mahindi hayohayo, na watu wameyakalia, nataka kipimwe kwa ukali uleule kabla kamba haijafunguliwa.