Bresi ya kifundo haikupunguzii mruko

Kila Jumamosi, pale tunapofanyia mazoezi ya voliboli hapa Kakamega, lazima nisikie: "Vua hicho kitu, kitakufanya mzito." Anayeambiwa ni msichana aliyeteguka kifundo cha mguu mara tatu tangu mwaka uanze, na kitu chenyewe ni bresi, kishikizo kinachofungwa kuzunguka kifundo kisipinduke. Naye anavua. Sikubaliani, na nimechoka kunyamaza.

Mimi nilianza kuteguka nikiwa kidato cha pili. Niliruka kuzuia mpira wavuni, nikatua juu ya kiatu cha mpinzani, wayo ukapinduka kwa ndani. Nyumbani nikakandwa kwa maji moto na chumvi, na baada ya wiki mbili nikarudi uwanjani. Kosa lilikuwa hapo. Ligamenti, yaani kano zinazoshikanisha mifupa, za upande wa nje zilikuwa zimelegea, pamoja na ile hisia inayouarifu ubongo mguu umekaaje. Ndiyo maana aliyewahi kuteguka huteguka tena hata akienda sokoni, kwa kukanyaga kijiwe tu.

Kuhusu huo uzito, nilijipima. Nilipaka chaki vidoleni nikaruka ukutani mara tano bila bresi, kisha mara tano nikiwa nimevaa ile ya kitambaa yenye kamba. Alama zilipandana, dada yangu alizikodolea macho na hakuweza kutambua zipi ni za bresi. Tafiti nyingi za mbio fupi na kuruka ukiwa na bresi hukuta tofauti ndogo mno, au hazikuti kabisa. Tena kuna utafiti wa mwaka 2011 kutoka jimbo la Wisconsin, Marekani, uliofuatilia wachezaji 1,460 wa basketboli wa shule za upili. Waliovaa bresi za kamba waliumia vifundo kwa kiwango cha takriban thuluthi moja ya wenzao. Ila walioumia wakiwa na bresi, waliumia vibaya sawa na wasiovaa.

Kinachomfanya mchezaji mzito ni woga. Mtazame asiyekiamini kifundo chake: anaruka nusu, anatua akiegemea mguu ambao haujaumia, mpira ukija upande ule mwingine anachelewa.

Wapo wanaosema bresi hudhoofisha mguu. Mguu hudhoofika ukiacha kuufanyisha kazi. Simama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki, ukizoea fumba macho, kisha panda juu ya godoro lililokunjwa. Fanya hivyo kila siku kwa wiki kadhaa, na bresi uendelee kuivaa mchezoni. Ivae juu ya soksi, kisigino kikae nyuma kabisa, kamba uzikaze kuanzia chini. Seti ikiisha, zikaze tena, kwa sababu hulegea.

Nanyi makocha wenzangu, msichana akiteguka msimhesabie siku za kurudi uwanjani. Mwambieni aruke kwa mguu ule ule, mbele, nyuma na pembeni. Akisita, bado.