Picha ya Duma na Watoto wa Duma

Wanaosema picha huokoa wanyamapori wana ushahidi mzito. Mwaka 2002 Rais Omar Bongo wa Gabon alitangaza hifadhi za taifa 13 kwa mkupuo, baada ya kuonyeshwa picha za mpigapicha Michael Nichols za misitu na wanyama wa nchi hiyo. Ila picha hizo zilikuja pamoja na madaftari ya mwanabiolojia Michael Fay, aliyekatiza misitu ya Afrika ya Kati kwa miguu zaidi ya kilomita 3,000 akiandika kila alichokiona, hadi vinyesi vya tembo. Picha zilimgusa rais. Madaftari yalieleza msitu una nini. Kwa maoni yangu, vyote viwili vilihitajika.

Maelezo yakikosewa, picha hugeuka mzigo. Video ya dubu wa Aktiki aliyekonda hadi mifupa ilisambaa mwaka 2017, na National Geographic ikaihusisha moja kwa moja na mabadiliko ya tabianchi. Mwaka uliofuata jarida lilikiri kuwa lilivuka mpaka, maana hakuna aliyejua dubu yule alikondeshwa na nini. Wapinzani wa sayansi wakapata la kusema.

Linaloniuma zaidi ni la duma. Utafiti wa Masai Mara uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa penye watalii wengi, jike hukuza hadi kujitegemea wastani wa mtoto 0.2 kwa kila uzao. Penye wachache, 2.3. Kuilaumu kamera peke yake ni kuionea, kwani wapo wanaokuja kutazama tu. Lakini duma huwinda mchana, na mawindo yake ndiyo picha inayotafutwa kuliko zote. Magari yakimzingira, swala hushtuka, naye hubaki na njaa pamoja na wanawe.

Bado naamini tunazihitaji picha hizi, kwa sababu wengi wetu hatutamwona duma kwa macho. Swali ni zimepatikanaje. Shindano la picha za wanyamapori la Wildlife Photographer of the Year lilimvua ushindi mshindi wake wa 2009, waamuzi walipoona kuna uwezekano mkubwa kwamba mbwamwitu aliyempiga picha alikuwa amefugwa, si wa porini. Walifanya vema. Sasa mashindano yamtake kila mpigapicha aeleze pia alisimama umbali gani, magari yalikuwa mangapi, na kama mnyama aliendelea na shughuli zake au aliondoka.