Upasuaji wa TB ya mapafu: tatizo ni kuchelewa

Ukitaja upasuaji wa kifua kikuu, wengi huwaza zama za kabla ya dawa, mgonjwa alipoondolewa mbavu ili pafu bovu lisinyae. Streptomycin ilipogunduliwa mwaka 1943, kisu kikaanza kuwekwa kando. TB sugu, isiyosikia dawa za kawaida, imekirudisha, ila tunakikumbuka mapafu yote mawili yakiwa yameshaliwa.

Kiini cha shida ni pango, yaani shimo ambalo TB huchimba ndani ya pafu. Ukuta wake ni mnene, mishipa ya damu michache, hivyo dawa hupenya kidogo mahali penye bakteria mamilioni kwa mamilioni. Hapo ndipo usugu unapozaliwa. Mwenye TB sugu, pango likiwa upande mmoja na makohozi yakiendelea kuotesha vimelea baada ya miezi minne hadi sita ya dawa sahihi, apelekwe kwa mpasuaji wa kifua wakati huohuo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unakubali kukata sehemu ya pafu, sambamba na dawa. Kuondoa pafu zima ni habari nyingine.

Picha ya CT na kipimo cha kupuliza hewa hutangulia. Kwa kawaida hewa anayopuliza mgonjwa kwa nguvu katika sekunde ya kwanza iwe kama lita 1.5 kwa kukata sehemu, lita 2 kwa pafu zima. Ikipungua, vipimo zaidi vinahitajika. Kipimo kinachorukwa ovyo ni kamera ya njia ya hewa. Bomba la hewa likiwa limevimba na kuwa jekundu pale litakapokatwa, subirini. Kisiki, yaani ncha ya bomba inayobaki, kikishonwa juu ya ugonjwa huachia, hewa na usaha vikajaa kifuani. Hata kikiwa kizima, kifunikwe kwa msuli wa katikati ya mbavu.

Daktari wa usingizi atumie mpira wa kupumulia wa njia mbili, unaotenganisha mapafu, usaha wa pango usimwagikie pafu lisilo na ugonjwa. Damu iwe tayari: utando wa pafu hugandamana na mbavu, na kuubandua huvujisha kila mahali.

Dawa haziishii mlango wa chumba cha upasuaji. Huendelea kwa miezi. Nyama iliyokatwa nayo isitiwe yote kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia nyama ya vipimo, kwani huua vimelea. Kipande kimoja kiwekwe kwenye chupa safi, bila formalini, kikaoteshwe maabara. Jibu lake husaidia kuamua dawa gani ziendelee na kwa muda gani.